Kabureta Inayovuja kwa Sababu ya Mashapo: Anza na Tangi na Dumu

Masika yanapokatika mwishoni mwa Mei, wakulima wa Kahe, Mabogini na Chekereni huzitoa pampu zao stoo, huzitia petroli, na baada ya siku chache baadhi yao huwa wameshazifunga nyuma ya bodaboda kuzileta Moshi mjini kwa fundi. Malalamiko hufanana: petroli inadondoka kutoka kwenye kabureta, harufu imejaa nyumba nzima, mashine inawaka kwa shida na ikiwaka inatoa moshi mweusi. Mara nyingi mwenye pampu anakuwa ameshabadilisha nido, yaani kile kisindano kinachofungua na kufunga mafuta yanayoingia kwenye kabureta, na wengine wameshanunua kabureta nzima, lakini mafuta bado yanadondoka.

Nakumbuka mama mmoja wa Kahe aliyenikabidhi pampu yake ya inchi mbili pamoja na kifuko chenye nido tatu zilizotumika, akaniambia, "Fundi, hizi zote nimezinunua msimu huu, na shamba langu la vitunguu linakauka." Nilizitazama zile nido moja moja. Mbili kati yake hazikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa ndani ya tangi, na kila nido mpya iliyofungwa ilikuwa inapokea uchafu ule ule uliokwisha kuishinda ile ya kwanza. Nami pia nilipoanza kazi hii niliwahi kurudisha pampu ya mtu ikiwa na nido mpya bila kuosha tangi, ikarudi baada ya siku mbili inavuja kama mwanzo, na mwenye shamba alikuwa amepoteza zamu yake ya maji. Ndiyo maana katika mwongozo huu kabureta inafunguliwa katika hatua ya tano, si ya kwanza.

Maelezo haya yanahusu injini ndogo za petroli zenye kabureta ya bakuli na boya, yaani pampu za maji, jenereta ndogo, mashine nyingi za kukata majani na pikipiki nyingi za kabureta.

Uchafu unavyoifanya kabureta ivuje

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, hupita kwenye koki na mpira, kisha huingia kwenye bakuli la kabureta kupitia tundu dogo la shaba ambalo mafundi hulifahamu kama kitako cha nido. Ndani ya bakuli kuna boya, ambalo wengi huliita floti. Bakuli linapojaa, boya hupanda na kuisukuma nido iingie katika kitako chake, hivyo mafuta yakaacha kuingia. Injini inapoyatumia mafuta boya hushuka, nido hufunguka, na bakuli hujazwa tena. Utaratibu huu hujirudia muda wote injini inapofanya kazi.

Ncha ya nido ina umbo la koni, na mara nyingi huwa imevikwa mpira unaostahimili petroli. Ili izibe vizuri, ni lazima iguse kitako pande zote kwa usawa. Chembe moja ya kutu, ndogo kuliko punje ya chumvi, ikikaa kati ya ncha na kitako, nido haifungi sawasawa na petroli huendelea kuingia ingawa boya limekwisha kupanda hadi mwisho. Mafuta yanayozidi hutafuta njia ya kutokea. Kwenye kabureta nyingine hutoka kupitia kijibomba cha kumwagia ziada na kudondoka chini, ambako angalau utayaona. Kwenye nyingine huingia upande wa chujio la hewa, au hupita kwenye mdomo wa kabureta mpaka ndani ya silinda na kutiririka kwenye oili. Kuvuja kwa namna hii ya mwisho ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakuonekani kwa nje na huharibu injini.

Mashapo yenyewe ni ya aina kadhaa. Kuna kutu ya tangi la chuma, inayotokana na maji. Tangi likiachwa nusu, hewa iliyo ndani yake hupoa usiku na unyevunyevu wake huganda kuwa matone kwenye kuta, na kwa baridi ya Juni na Julai kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru jambo hili hutokea kwa urahisi. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, hivyo maji, yaliyo mazito zaidi, huzama na kutulia chini ya tangi, mahali hasa ambapo koki huchota. Kuna vumbi linaloingia wakati wa kujaza mafuta, na mtu anayeijua barabara ya Kisongo wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa jinsi vumbi la udongo wa volkano lilivyo laini. Kuna vipande vyeusi vya mpira wa mafuta uliooza kwa ndani. Na kuna utando wa kahawia unaonata kama gundi, ambao ni masalia ya petroli iliyokaa hadi sehemu yake nyepesi ikapotea hewani. Petroli inaweza kuanza kuharibika baada ya takriban siku 30 tu, na pampu iliyowekwa stoo ikiwa na mafuta tangu Machi inakuwa imekaa karibu miezi mitatu ifikapo mwisho wa masika.

Hatua ya kwanza: hakikisha kinachovuja ni nini

Fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na cheche yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na unaweza kuufikia moto ulio mbali nawe. Acha injini ipoe kabisa, kisha uvue kofia ya waya wa plagi.

Funga koki na ukaushe kabureta nzima kwa kitambaa. Weka kipande cha karatasi nyeupe au boksi kavu chini yake, fungua koki bila kuwasha injini, na usubiri dakika kumi ukitazama. Tone likitoka kwenye kijibomba cha ziada, kwenye tundu la hewa la kabureta au kwenye mdomo wa upande wa chujio la hewa, nido haifungi na mwongozo huu unakuhusu. Tone likijitokeza pale bakuli linapokutana na mwili wa kabureta, gasketi au oringi (pete ya mpira) ya bakuli imechoka. Likitoka kwenye skrubu ya kumwagia, kaza skrubu au ubadilishe washa (pete bapa) yake. Likitoka kwenye maungio ya mpira, kibano kimelegea au mpira umepasuka. Dakika hizi kumi zinaokoa fedha nyingi, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha nido wakati kilichohitajika ni kukaza skrubu moja.

Kama kuvuja kumetokea ukiwa shambani na fundi yuko mbali, funga koki, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, kinga mafuta kwenye chombo na ulegeze skrubu ya kumwagia, kisha ufungue koki kidogo ili petroli mpya isafishe njia kwa sekunde chache. Mara nyingi chembe husogea na nido hufunga. Huko ni kujiokoa kwa siku hiyo tu, kwa kuwa uchafu uliobaki kwenye tangi utarudi.

Hatua ya pili: soma mashapo kabla ya kuyamwaga

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokuambia uchafu unatoka wapi.

Chukua chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha, iliyo tupu na iliyokauka kabisa. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge petroli yote iliyomo. Katika chupa nyingine kinga nusu lita ya kwanza inayotoka kwenye tangi baada ya kuchomoa mpira. Ziweke mahali tambarare penye kivuli kwa robo saa bila kuzitikisa, kisha uziinamishe polepole ukiangalia kitako cha chupa dhidi ya mwanga.

Maji utayatambua mara moja. Hukaa chini kama shanga za kioo, na ukiinamisha chupa huviringika pamoja bila kuchanganyika na petroli iliyo juu yake. Kutu huwa vipande vya rangi ya machungwa au kahawia iliyokolea, na vikubwa vyake hung'aa upande mmoja kama magamba madogo. Vumbi hutulia kama tope laini la kijivu linalotimka chupa inapoguswa. Vipande vya mpira ni vyeusi, vyepesi kiasi na vyenye kingo zisizo sawa, na ukikifinya kimoja kati ya vidole huacha doa jeusi. Petroli iliyoharibika huwa na rangi iliyokolea na harufu kali inayofanana na ya rangi ya mafuta, na huacha utando unaonata kwenye chupa ikikauka.

Ukiona maji na kutu, tatizo liko kwenye tangi. Ukiona vumbi, chunguza mdomo wa tangi, dumu na namna unavyojaza. Vipande vyeusi vinatokana na mpira. Utando wa kunata ukiwa peke yake unamaanisha kwamba pampu ilikaa muda mrefu na mafuta ndani. Mara nyingi utakuta mchanganyiko, lakini kimojawapo huwa kimezidi.

Hatua ya tatu: osha tangi

Funga koki, chomoa mpira, fungua bolti za tangi na ulishushe. Mimina mafuta yote kwenye chombo chenye kifuniko. Usiyamwage kwenye mfereji wala kwenye mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, kwa sababu maji hayo yanaendelea kwenda kwa jirani, kwenye mboga na kwenye mifugo. Kisha ulitazame tangi kwa ndani mchana kweupe. Usitumie kiberiti kumulikia kwa hali yoyote ile, hata kama unaamini tangi ni kavu, kwani tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Kwa tangi la plastiki inatosha kulisuuza mara mbili au tatu kwa petroli kidogo safi. Tangi la chuma lenye vumbi tu, au kutu kidogo ya juu juu, lioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kama kutu imeganda, ing'oe koki kwenye tangi na uzibe tundu lake, tia ndani mnyororo mwembamba safi au nati ndogo ulizozihesabu, ongeza maji ya sabuni na ulitikise kwa mikono pande zote kwa dakika kadhaa. Nasisitiza kuzihesabu nati hizo, kwa sababu moja ikibaki ndani itakuwa ikigonga na kukwangua tangi kila mashine inapotetemeka.

Kutu sugu inahitaji siki. Suuza sabuni yote, jaza tangi siki nyeupe, uliache usiku kucha, kisha umwage na ulitikise tena kwa maji safi. Baada ya hapo suuza kwa maji yaliyochanganywa na kijiko kikubwa cha magadi soda ili kuiondoa asidi iliyobaki, halafu suuza kwa maji matupu. Chuma kilichosafishwa kwa siki hushika kutu upya haraka sana, wakati mwingine ndani ya saa moja, hivyo usilianike na kuliacha tu. Peleka tangi kwa fundi pancha mwenye kompresa, alipulize upepo mpaka likauke, kisha mara moja umimine petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya injini na ulizungushe ili kuta zote zipate utando wa mafuta. Umwage mchanganyiko huo kabla ya kulirudisha tangi kwenye mashine.

Kama kutu imetoboa tangi, au kuta zake zinabonyea kwa kidole, acha kulisafisha. Nunua jingine.

Hatua ya nne: koki, kikombe cha mashapo na mpira

Koki nyingi zina chujio la wavu linalosimama ndani ya tangi. Lisafishe kwa mswaki laini na petroli, na ukiona wavu umechanika ulibadilishe, maana chujio lililotoboka ni sawa na kutokuwepo. Injini nyingi za pampu na jenereta, zikiwemo Honda GX160 na zile zilizotengenezwa kwa kuiga umbo lake, zina kikombe kidogo chini ya koki kilichowekwa makusudi ili maji na mashapo yatulie humo kabla ya kufika kwenye bakuli. Watu wengi hawajui kwamba kinafunguka. Funga koki, kifungue kwa spana, kioshe, kikaushe, hakikisha oringi yake haijapasuka, kisha ukirudishe bila kukikaza kupita kiasi. Mwongozo wa Honda kwa injini hiyo unataka kikombe kisafishwe kila baada ya miezi 6 au saa 100 za kazi. Kwa mazingira yetu ya vumbi, na kwa mtu anayenunua petroli ya chupa kijijini, naona ni busara kukifungua kila mwezi wakati wa msimu wa kumwagilia. Kazi yenyewe haifiki dakika tano.

Mpira wa mafuta ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, au ukiwa mgumu kama plastiki, au ukilegea na kuvimba, ubadilishe. Wapo wanaotumia mpira wa maji au vipande vya tyubu ya baiskeli kwa sababu ya bei. Mipira hiyo haikutengenezwa kwa petroli, huoza kwa ndani na kutema vipande vyeusi, na vipande hivyo huishia kwenye nido. Mpira halisi wa mafuta hununuliwa kwa kipimo, na pampu ndogo huhitaji chini ya nusu mita.

Unaweza kuongeza filta ndogo inayoonyesha kati ya koki na kabureta, ukifuata mshale unaoonyesha upande mafuta yanakoelekea. Chagua filta ya mashine zinazoshusha mafuta kwa uzito, si ya gari lenye pampu ya mafuta, kwa sababu ile ya gari huweza kubana mno na injini ikafa njaa ikiwa kazini. Mpira nao usipande juu na kushuka tena kama kilima, maana hewa hukaa kwenye kile kilima na kuzuia mafuta.

Onyo moja linahusu tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usiizungushe kwenye nyuzi za koki. Nyuzinyuzi zake hukatika na kuelea mpaka kwenye kitako cha nido, na kwa kuwa ni nyeupe na nyembamba mno, fundi anaweza kufungua kabureta mara nne bila kuziona.

Hatua ya tano: kabureta yenyewe

Sasa fungua bakuli. Tandaza kitambaa chepesi chini ya kazi yako ili pini au nido ikidondoka isipotee mchangani. Chomoa pini ya boya taratibu, inua boya pamoja na nido, na ukumbuke jinsi kibano cha nido kilivyokaa.

Tazama ncha ya nido kwenye mwanga. Inapaswa kuwa laini pande zote. Ukiona duara lililochimbika kuizunguka, kama alama ya pete kwenye kidole, ncha imekwisha na nido ibadilishwe. Kama ni laini, ioshe na uitumie tena. Litikise boya karibu na sikio, na ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka. Ukiwa na shaka, lizamishe kwenye maji ya uvuguvugu, nalo litatoa mapovu penye tundu. Boya lililoingia mafuta huwa zito, halipandi inavyotakiwa, na kabureta huvuja hata kama hakuna uchafu wowote.

Kitako cha nido kisafishe kwa kijiti cha pamba cha kusafishia masikio kilicholowanishwa kwa petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, ukikizungusha taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Usiingize waya, msumari, wala msasa. Shaba ni laini, na mkwaruzo mmoja kwenye kitako utakufanya ununue kabureta nzima. Ukitumia dawa ya kupuliza, ondoa kwanza nido, oringi na gasketi, kwa sababu dawa nyingine huivimbisha mipira. Puliza upepo kwenye njia zote kuanzia upande wa kitako kurudi kwenye mdomo unaopokea mafuta, ili uchafu utoke ulikoingilia na usisukumwe ndani zaidi.

Osha bakuli na ukwangue utando wa kahawia kwa kijiti cha mti au plastiki. Wakati wa kulirudisha, usipake silikoni kwenye gasketi. Najua wengi hufanya hivyo kwa nia njema ili bakuli lisivuje, lakini silikoni ya kawaida haistahimili petroli. Huvimba, hulegea na kumeguka, na mwenye pampu hurudi baada ya wiki mbili akiwa na vipande vyake kwenye jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha mafuta. Gasketi ikiwa imechoka inunuliwe nyingine.

Usikunje ulimi wa boya ili kulifanya lifunge mapema. Kimo cha boya hupangwa kiwandani, na kabureta iliyoanza kuvuja ghafla baada ya kukaa stoo haikubadilika kimo. Ilipata uchafu. Ukilikunja, utapunguza mafuta kwenye bakuli, injini itakosa nguvu ikibebeshwa kazi, na hata ukija kuondoa uchafu baadaye tatizo la pili litabaki.

Kabla ya kufunga bakuli, jaribu nido. Kabureta ikiwa safi na kavu, igeuze juu chini ili uzito wa boya uifunge nido, chomeka kipande cha mpira mpya kwenye mdomo wa mafuta na upulize polepole. Hewa isipite. Igeuze kama inavyokaa kwenye mashine, boya likishuka, na hewa ipite kwa urahisi. Mpira uliokwisha kupita petroli usiuweke mdomoni kamwe.

Hatua ya sita: kagua oili kabla ya kuvuta kamba

Hapa ndipo injini nzuri hufa. Kama kabureta ilivuja usiku kucha na hukuona dimbwi chini, petroli huenda imeingia kwenye oili. Chomoa kifuniko cha kupimia oili, kinuse, na uangalie kimo chake. Oili iliyozidi alama, nyepesi kama maji na yenye harufu ya petroli haifai, kwa kuwa haiwezi kulinda vyuma visisagane. Imwage yote kwenye chombo na utie mpya. Injini ya ukubwa wa GX160 huchukua takriban lita 0.6 tu, gharama ndogo ukiilinganisha na kusaga silinda.

Kamba ikigoma kabisa kuvutika, usilazimishe. Huenda silinda imejaa petroli, ambayo haibanwi kama hewa, na kulazimisha kunaweza kuharibu mashine. Fungua plagi, iweke mbali pamoja na waya wake, funika tundu kwa kitambaa kilicholegea, kisha uvute kamba polepole mpaka mafuta yatoke yote.

Kuzuia tatizo lisirudi

Baada ya usafi huo, mashapo yatarudi kwa mlango mmoja mkuu, nao ni dumu. Tenga dumu la petroli lisilotumika kwa kitu kingine chochote. Dumu lililokuwa la mafuta ya kula hubaki na utando hata likioshwa, na lililokuwa la maji mara nyingi lina matone yaliyojificha kwenye mpini. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara huwezi kujua imekaa muda gani wala imepitia vyombo gani, kwa hiyo nunua kituoni unapoweza, na ununue ya wiki mbili au tatu badala ya ya msimu mzima. Jaza kwa funeli yenye wavu mwembamba. Liache dumu litulie kabla ya kumimina, mimina polepole, na ile robo lita ya mwisho usiitie kwenye tangi. Futa vumbi kwenye kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua, si baada ya kukifungua.

Funga koki kila unapomaliza kazi, na uifunge pia kabla ya safari. Pampu iliyofungwa kwenye bodaboda au kirikuu hutikisika njia nzima, boya huruka, nido hufunguka na kufunga mamia ya mara, na mashapo yote yaliyokuwa yametulia kwenye tangi hutibuka na kushuka. Nadhani nusu ya kabureta ninazozifungua zilianza kuvuja njiani. Nakosa namna ya kulithibitisha hilo, lakini wenyewe husema, "Ilikuwa nzima nilipotoka nyumbani."

Masika yanapokaribia na pampu haitatumika, usiiache na mafuta. Wengine hushauri kulijaza tangi mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na kwa wiki tatu au nne ni ushauri mzuri. Kwa miezi mitatu naona ni bora kulimwaga lote. Baada ya hapo washa injini iendelee mpaka ijizime yenyewe, legeza skrubu ya bakuli utoe mabaki, safisha kikombe cha koki, tia vijiko viwili vya oili kwenye tangi la chuma na ulizungushe, kisha ufunge kifuniko na uihifadhi pampu mahali pakavu, mbali na jiko.

Misumeno ya mnyororo na mashine nyingi za mgongoni za kupulizia dawa kwenye kahawa hazina bakuli wala boya, bali utando wa mpira unaofungua nido. Zinaziba na kuvuja kwa uchafu ule ule, lakini chujio lao liko mwisho wa mpira ndani ya tangi, na unaweza kulivuta kwa ndoano ya waya na kulibadilisha kila msimu.

Siku ya kuitoa pampu stoo, suuza tangi kwa petroli kidogo ili kuondoa ile oili, jaza mafuta mapya, fungua koki, na uweke tena kipande cha boksi kavu chini ya kabureta. Subiri dakika kumi. Boksi likibaki kavu, na oili ikiwa kwenye alama yake bila harufu ya petroli, rudisha kofia ya plagi, vuta choki na uwashe.